Bendi ya panki ya kanisa na afya ya akili: tupange vipi onyesho lisilete madhara?

KijanaWaKisauni:
Salaam wanajukwaa. Bendi ya vijana wa kanisa letu huku Kisauni, Mombasa, hupiga pop-panki: gita mbili, besi, ngoma na mwimbaji mmoja. Mwimbaji anataka onyesho la mwezi ujao liwe la imani na afya ya akili, kama wafanyavyo baadhi ya wanamuziki Wakristo wa Marekani, wale ambao katikati ya nyimbo husimama wakazungumza waziwazi kuhusu unyogovu, wasiwasi na hata fikra za kujiua. Mchungaji amekubali na ametupa ukumbi Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Tunatarajia vijana 200 hivi. Wengine si wa kanisa, na wapo Waislamu wa mtaani wanaokuja kwa ajili ya muziki tu.

Ninayotaka kujua: mwimbaji aseme nini na anyamazie nini? Mtu akitufuata baadaye na kusema hali yake ni mbaya, tunamfanyia nini papo hapo? Maombi yaingie wapi? Na la mwisho, ukumbi ni wa mabati na kuta za saruji, maneno ya nyimbo hayasikiki kabisa. Tafadhali nipeni mambo ya kutendeka, mahubiri tunayo ya kutosha.

---

MshauriNasaha_Tudor:
Nianze na mahali maonyesho haya huharibika, na si jukwaani. Mwimbaji akisema "hata mimi niliwahi kutamani nisiamke", ukumbi hulainika. Kati ya watu 200 patakuwa na wachache ambao usiku huohuo wako tayari kusema jambo ambalo hawajamwambia yeyote. Wakitoka wakakuta vijana wanakunja nyaya na kupakia spika, mmewafungua kifua mkawaacha wazi. Kwa hiyo meza ya kuwasikiliza watu kwanza, ushuhuda baadaye. Kama hamtapata watu wa meza, siku hiyo pigeni muziki tu na mada isubiri.

Watu wa meza wasipungue wanne kwa umati huo, wawili wa kike na wawili wa kiume. Angalau mmoja awe mshauri nasaha aliyesomea au muuguzi wa afya ya akili. Hao wengine mnaweza kuwafunza alasiri moja, mradi waelewe kwamba kazi yao ni mambo matatu: kusikiliza, kuuliza, kuelekeza. Si kutibu, wala si kushauri mambo ya ndoa na mitihani.

Meza msiiweke mlangoni. Kila mtu atamwona nani amesimama pale, na Kisauni habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Iwekeni karibu na maji ya kunywa au njia ya vyooni, mtu awe na sababu nyingine ya kwenda huko. Kisha muwe na chumba, hata darasa la shule ya Jumapili linafaa. Viti viwili vikae mshazari badala ya kutazamana uso kwa uso, mlango uachwe nusu wazi, na mhudumu mwingine awe karibu, aone bila kusikia. Hilo la mlango linamlinda mgeni na linamlinda mhudumu pia.

Maswali ya kuanzia ni mawili, na yanatumika hospitalini: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejihisi mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Kila jibu lina alama: hapana kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu kwa maswali marefu zaidi. Hiyo si hukumu kwamba anaugua, ni kipimo cha nani asiachwe aende hivihivi.

Halafu ulizeni moja kwa moja: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hili wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupumua kwa kuona kuna anayethubutu kulitaja. Lakini namna ya kuuliza ina uzito wake. "Huwezi kufikiria ujinga kama huo, sivyo?" tayari imemfundisha ajibu hapana. Akikubali, endeleeni taratibu: una mpango? Kitu cha kutekelezea unacho karibu? Umewahi kujaribu? Nyumbani uko na nani?

Akiwa na mpango na kitu kiko karibu, asiachwe peke yake hata kwenda msalani. Mwite ndugu au rafiki anayemwamini yeye (yeye, si nyinyi), na apelekwe usiku huo idara ya dharura. Kwa upande wa kisiwani na Kisauni, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani ndiyo ya karibu. Huyo ndugu aambiwe pia aondoe nyumbani vitu vya hatari, ikiwemo dawa zilizobaki za wagonjwa wengine. Hatua hii husahaulika sana, nayo ni kati ya zinazookoa zaidi, kwa sababu wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa ikiwa mtu hana cha kutumia.

Kuna wanaokataa hospitali kwa kuogopa polisi. Waambieni kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume na Katiba. Ndicho kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hofu ya zamani bado inatembea mitaani, msiipuuze.

Sasa jukwaani. Ushuhuda uandikwe na usomwe na mshauri kabla ya siku yenyewe. Dakika 3 zinatosha, 4 zikizidi. Uwe na hali ilivyokuwa, nani alimsaidia, alikwenda wapi, na leo anaendeleaje, pamoja na kwamba bado kuna siku nzito. Visitajwe: njia aliyotaka kutumia, mahali, idadi ya vidonge, barua aliyoandika. Maelezo hayo humfundisha aliye katika hatari na hayamsaidii mwingine yeyote. Pia asiseme "nilikuwa na unyogovu, Yesu akaniponya usiku mmoja". Inaweza kuwa kweli kwake, ila kijana aliyeomba miaka miwili bila kuona mabadiliko atatoka pale akiamini tatizo ni imani yake.

Na kama mwimbaji bado yumo ndani ya shimo lenyewe, asitoe ushuhuda. Aimbe tu. Baada ya onyesho awe na mtu wa kukaa naye na kula naye, kwa sababu mwili ukishuka kutoka jukwaani hali huanguka ghafla.

Nambari za kubandika ukutani na kwenye kadi: Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199, bure. Befrienders Kenya 0722 178 177. Kwa walio chini ya miaka 18, simu ya watoto 116. Kwa walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, NACADA 1192. Wiki hiyo pigeni wenyewe kila nambari mhakikishe inapokelewa, kisha ndipo mchapishe.

---

Nyuzi6:
Naongeza tu upande wa muziki, maana mshauri amemaliza mengi.

Huko Marekani jambo hili halikuzuka juzi. Bendi ya MxPx ilianza 1992 Bremerton, jimbo la Washington, na Tooth & Nail Records, lebo iliyowatoa pamoja na bendi nyingi za aina hiyo, ilianzishwa 1993. Relient K wakatokea Canton, Ohio. Kilichofanya panki ibebe maneno ya huzuni ni umbo lake: nyimbo nyingi ziko katika skeli ya meja (ile inayosikika kichangamfu), mwendo wa mapigo 160 hadi 190 kwa dakika, kiitikio cha kuimbwa na ukumbi mzima. Mtu anapiga kelele na wenzake 200 maneno ambayo peke yake asingeweza kuyanong'ona. Ubeti unaungama, kiitikio kinabeba.

Lakini tazama walivyojenga huduma yenyewe. To Write Love on Her Arms, shirika la kusaidia wenye unyogovu na uraibu, ilianza Florida mwaka 2006. Jamie Tworkowski aliandika kisa cha rafiki aliyekuwa akihangaika na uraibu na kujidhuru, kisha wakauza fulana kulipia matibabu yake. Ilipanda kwa sababu wanamuziki walizivaa jukwaani, na mmoja wa kwanza ni Jon Foreman wa bendi ya Switchfoot. Hawakuanza na mahubiri. Walianza na bili ya matibabu ya mtu mmoja. Jake Luhrs, mwimbaji wa August Burns Red, hao ni metali nzito, si pop-panki, yeye alianzisha HeartSupport, shirika la kuwasaidia mashabiki wa muziki wenye matatizo ya akili. Mashirika hayo mawili yalikuwa na meza au hema kando ya majukwaa ya ziara kubwa za panki. Kwa hiyo meza ya mshauri hapo juu si wazo la kidaktari lililobandikwa kwenye muziki, ndiyo desturi ya muziki wenyewe.

Onyo moja. Msimfanye mwimbaji kuwa nguzo ya imani za watu. Mwezi Mei 2020 Jon Steingard, mwimbaji wa bendi ya Hawk Nelson ya Kanada, alitangaza hadharani kwamba hamwamini Mungu tena, na mashabiki wengi waliyumba pamoja naye. Ujumbe uwe wa bendi nzima na wa kanisa, sauti ziwe mbili au tatu. Mwimbaji apewe ruhusa ya kuwa na shaka bila kugeuzwa bango.

Mpangilio wa nyimbo: msiweke ushuhuda mwishoni. Uwekeni baada ya wimbo wa tano kati ya tisa, kisha wimbo mmoja wa polepole, kisha mrudi kwenye kasi. Watu wapate muda wa kutulia wakiwa bado pamoja. Ukimaliza kwa ushuhuda na taa zikawashwa, kila mmoja anakwenda nyumbani na kidonda kibichi.

---

MzeeWaLikoni:
Wanangu, nimesoma yote na nawapongeza kwa bidii. Ila naona kanisa limegeuzwa zahanati. Mwenye huzuni si aitwe mbele awekewe mikono? Mengine haya ni mambo ya rohoni, na siku tatu za kufunga na kukesha zimefungua wengi. Maswali ya alama 0 hadi 3 yanamweka Mungu wapi?

---

Muuguzi_Akili:
Shikamoo mzee. Maombi hayapingwi hapa. Ila hilo la kufunga na kukesha lina hatari za mwili ambazo viongozi wa maombi hawaambiwi, acha niziweke wazi.

Mwenye ugonjwa wa hisia mbili, yaani anayepanda sana na kushuka sana, akikesha usiku mmoja au miwili anaweza kupanda kabisa. Kukosa usingizi ndicho kichocheo kikubwa. Ataonekana amejaa moto wa rohoni: hasemi polepole, halali, anatoa pesa zote sadaka. Kufikia siku ya nne anapelekwa hospitali amefungwa kamba.

Wengine wa kundi hilo hutumia lithiamu. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na kiwango chake hutegemea maji na chumvi. Akifunga bila maji kwa joto la Mombasa, akatoka jasho ukumbini, kiwango hupanda hadi kuwa sumu. Dalili ni kutetemeka kwa nguvu, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi na maneno kukokoteka. Huyo ni wa dharura, si wa kumwagiwa mafuta.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mgonjwa aliyedungwa au kuanzishiwa haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili, anaweza kukazwa misuli ghafla: shingo inapinda upande, macho yanapanda juu yanabaki huko, taya linafunga, ulimi unatoka. Ukimwona kanisani utaapa ni pepo. Ni athari ya dawa inayojulikana vizuri, na hospitalini huondolewa kwa sindano ya dawa ya kuondoa mkazo huo, biperideni kwa mfano, nayo hufanya kazi ndani ya dakika chache. Wakati watu wanamkandamiza chini na kumpigia kelele, yeye akili anazo timamu na anaumia.

Kifafa nacho ni hivyohivyo. Mkiwa na taa za kumetameta, zisizidi mara 3 kwa sekunde, au ziacheni kabisa. Mtu akianguka: ondoa vitu vigumu karibu naye, kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, usitie kijiko mdomoni. Mtikisiko ukikoma mlaze ubavu. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, hospitali.

Kuhusu dawa za unyogovu, mwimbaji asiseme lolote linaloweza kusikika kama "acheni dawa". Fluoksetini na nyinginezo za namna yake huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Wiki ya kwanza mtu anaweza kupata kichefuchefu na wasiwasi zaidi, ndipo wengi huzitupa wakisema hazifanyi kazi. Akipona huendelea nazo miezi kadhaa, kwa kawaida 9 hadi 12, na huachishwa kwa kupunguziwa na aliyemwandikia. Akizikata ghafla huja kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira. Watu wa nyumbani husema ugonjwa umerudi, au pepo amerudi na wenzake saba.

---

Mwalimu_Zaburi:
Mzee wangu wa Likoni, swali lako la Mungu yuko wapi ni la haki, na jibu liko 1 Wafalme 19. Eliya ameketi chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpima imani. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Swali "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baadaye, akishafika Horebu. Na mwishoni anapewa Elisha, mtu wa kuwa naye. Usingizi, chakula, maji, safari, mazungumzo, mwenzi: mpango huo mshauri yeyote angeutia sahihi.

Kwa bendi, ushauri wangu wa maandiko ni huu. Someni Zaburi ya 88 jukwaani bila kuiongezea mwisho mzuri. Ndiyo zaburi inayofungwa gizani, na imebaki katika Biblia hivyohivyo. Baada yake kaeni kimya sekunde 20 mkitazama saa, halafu gita lianze. Kijana aliyedhani imani inamtaka atabasamu atajua kuna mahali pake kanisani. Zaburi ya 42 inafuata vizuri, kwa sababu pale mtu anaisemesha nafsi yake mwenyewe, na mstari huo hurudi mara mbili kama kiitikio. Warumi 8:28, ile ya Mungu kufanya kazi katika mambo yote kwa wema, ihifadhiwe siku nyingine. Ni kweli, ila kwa aliye shimoni husikika kama amri ya kunyamaza.

Kuitana mbele, mzee, kunamweka mtu wazi mbele ya jirani, mwalimu wake na mama wa kwaya. Wengi wanaohitaji hawatainuka, na watakaoinuka ni wale waliozoea kuinuka. Maombi yawepo: mtu akiwa mezani aulizwe "ungependa tuombe pamoja?" na akisema hapana, huduma ni ileile. Mikono awekewe kwa ruhusa yake. Maombi yawe mafupi, kwa sauti ya kawaida, bila kumtangazia Mungu siri ambazo mtu amezitoa dakika mbili zilizopita huku wa kiti cha pili akisikia.

---

FundiSauti_Changamwe:
Sauti. Ukumbi wa mabati na saruji, tatizo si nguvu ya spika. Ni mwangwi na gita.

Punguzeni geini (kile kinachoipa gita sauti ya kukwaruza) ya gita zote mbili mpaka mhisi zimepungukiwa. Chumbani upotoshaji mwingi ni mtamu, ukumbini unageuka ukungu mmoja. Gita moja lipige kodi nzito za chini, lingine lipande juu ya shingo, yasipige kitu kilekile. Amplifaya ziinueni juu ya viti au ziegemezeni zimtazame mpiga gita masikioni. Zikielekea miguuni mwake ataongeza sauti kila wimbo na hamtamweza.

Maikrofoni ya mwimbaji: kata kila kitu chini ya hezi 120, punguza kidogo kati ya 250 na 400 ambako matope hukaa, ongeza kidogo kati ya 2,000 na 4,000. Kwenye gita fanyeni kinyume hapo penye 2,000 hadi 4,000, wapishe konsonanti za mwimbaji. Asifunike kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Inaonekana kipanki, lakini inaua maneno na kuleta mlio.

Ukuta wa nyuma, unaotazamana na spika, utundikeni mapazia mazito au mablanketi, yaachane na ukuta kama sentimita 10. Leso haitoshi, ni nyepesi. Miili ya watu nayo hunyonya sauti, kwa hiyo mkipima ukumbi ukiwa mtupu msiogope mwangwi wote mnaousikia.

Kwa ushuhuda: muwe na maikrofoni ya pili iliyowekwa tayari kwa kuzungumza tu, bila mwangwi wa bandia. Ile ya kuimbia ikitumika, kila neno la uchungu litarudi mara tatu kama tangazo la matatu. Mpiga ngoma aweke vijiti chini kabisa. Feni kubwa karibu na jukwaa izimwe kwa dakika hizo.

Kiwango kisipite desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15. Programu ya bure ya simu itawapa makadirio ya kutosha. Wenye wasiwasi mkali hawavumilii kelele na msongamano, basi wekeni sehemu tulivu nje yenye viti na muitangaze mwanzoni. Viziba masikio pia, vile vya sponji bei yake ni ndogo.

Umeme: mwimbaji akipigwa shoti mdomoni akigusa maikrofoni huku ameshika gita, ethi (waya wa ardhini wa usalama) ya ukumbi ni mbovu au plagi moja imegeuzwa. Msipige mpaka fundi wa umeme aangalie, na msikate pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Vyombo vikitoka chumba chenye kiyoyozi viacheni ndani ya mifuko yake nusu saa, la sivyo unyevu utagandia kwenye saketi na nyuzi zitashuka wimbo wa kwanza tu.

Na kibali cha kelele kiulizieni mapema, kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zinawahusu hata mkiwa kanisani.

---

KijanaWaKisauni:
Shukran sana nyote, na mzee pia. Yamebaki matatu. Waislamu watakaokuja, tuwahudumie vipi bila kuleta maneno mtaani? Walio chini ya miaka 18 je? Na mwimbaji anapokea ujumbe mwingi kwenye simu yake tangu atangaze onyesho, mwingine saa nane za usiku.

---

MshauriNasaha_Tudor:
Waislamu: huduma ya meza isiwe na sharti lolote la imani, na hilo litamkwe jukwaani. Bango liseme wazi kwamba kuna nyimbo za Kikristo, mtu asijione ametegwa. Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na nusu. Wekeni mapumziko hapo badala ya kujaribu spika wakati wa adhana, na anayetaka kwenda kuswali aende na kurudi bila kulipishwa tena. Mtu wa meza akipata Muislamu asimwombee kwa jina la Yesu pasipo kuulizwa. Akitaka kuzungumza na imamu wake pia, hilo ni jambo zuri, si kushindwa.

Walio chini ya miaka 18: sikilizeni, lakini msiahidi siri kamili. Semeni mapema, kabla hajaanza kueleza: "Ukiniambia kuna anayekuumiza au uko katika hatari, nitalazimika kumhusisha mtu mzima wa kukulinda." Mtu mzima huyo si lazima awe mzazi, maana wakati mwingine tatizo ndilo liko nyumbani. Pigeni 116 mwelekezwe. Mhudumu asimsindikize mtoto peke yake kwenye tuktuk wala bodaboda.

Simu: mwimbaji aache kujibu kwa laini yake leo. Chukueni laini mpya ya WhatsApp ya biashara, ishikwe na watu wawili kwa zamu, kwa mfano saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Wekeni jibu la moja kwa moja la nje ya saa hizo: "Tumepokea ujumbe wako. Tutakujibu kesho saa kumi jioni. Kama uko katika hatari sasa hivi piga 1199, au nenda hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu." Zimeni alama za buluu za kusomwa. Mtu aliye katika dhiki akiona zimewaka saa nane usiku na hakuna jibu, huhesabu kuwa amekataliwa. Kwenye ukurasa wa bendi, mwimbaji abandike juu kabisa nambari hizohizo, na aandike kwamba yeye ni mwanamuziki, si mtaalamu.

Badala ya kuitana mbele, tumieni kadi. Kila anayeingia apewe moja na penseli, wote 200, na baada ya ushuhuda wote waandike kitu na kuitia kwenye sanduku, hata kama ni kuchora tu. Asiyehitaji na anayehitaji wataonekana sawa. Kwenye kadi kuwe na visanduku vya kutia alama: niombeeni tu, nitumieni ujumbe, nipigieni. Chini yake swali moja ambalo wengi hulisahau: "Tukipiga, nani mwingine anaweza kupokea simu hii?" Binti anayetumia simu ya mama yake anaweza kuingia matatani kwa sababu ya sauti ngeni ya kiume inayomtafuta. Jina si lazima. Kadi ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo zikae kwa mtu mmoja chini ya kufuli, na zichanwe kazi ikiisha. Nambari hizo zisiingizwe kwenye kundi la matangazo ya kanisa. Mpiga picha naye akatazwe kupiga wanaolia au eneo la meza.

Sanduku lifunguliwe usiku uleule, kabla vyombo havijapakiwa, na mshauri mwenyewe asome kila kadi. Yenye neno la hatari inapigiwa simu papo hapo. Waliotia alama wapigiwe ndani ya saa 48, na kama hapokei, mara ya pili siku inayofuata. Msiache ujumbe wa sauti unaotaja sababu.

Onyesho liishe saa mbili usiku, si saa nne. Wanaovuka feri kurudi Likoni wana safari ndefu na vivuko vya usiku hupungua, na watu wa meza wanahitaji saa nzima baada ya wimbo wa mwisho. Siku yenyewe ukikwama kwenye jambo lolote la meza, niandikie hapa hapa.

---

MzeeWaLikoni:
Haya. Hilo la shingo kupinda sikulijua. Muuguzi, waweza kuja kuwaambia wazee wa kanisa letu pia?

---

Muuguzi_Akili:
Naweza, mzee. Nipeni saa moja na nusu, ubao, na kila kiongozi wa maombi awepo, pamoja na walinda mlango. Hao ndio humwona mtu wa kwanza akianguka. Nitumie ujumbe wa faragha tupange siku.